Dar–Dodoma: kabla hujakata tiketi, uliza choo

Mwezi wa nane nilimkatia mama tiketi ya basi la "luxury" kwenda Dodoma. Wakala pale stendi ya Magufuli, Mbezi, aliniambia kwa kinywa chake: "Dada, gari lina kila kitu, choo kimo humohumo." Mama ana kisukari. Saa moja na nusu haipiti bila kwenda haja ndogo, na mimi niliongeza pesa kwa ajili ya hicho choo tu, si kingine.

Tumepita Chalinze, mama akaniomba nimsindikize. Nikashuka vile vingazi vya mlango wa katikati, nikavuta kitasa, kumefungwa. Konda akaja na ufunguo, akafungua ili nijionee mwenyewe: maboksi mawili ya vifaranga, godoro alilokunja mtu, na dumu la mafuta ya kula. Akasema, "Mama avumilie kidogo, tutachimba dawa hapo mbele."

Kuchimba dawa kwa mwanamume ni dakika mbili nyuma ya tairi. Kwa mama wa miaka 66 mwenye goti bovu ni kushuka ngazi ndefu, kuvuka mtaro, kutafuta kichaka kisicho na miiba, na mwanawe kusimama mbele yake akimkinga kwa khanga. Malori yalikuwa yanapita yakipiga honi, na kila lori likipita upepo unaivuta ile khanga. Niliishika kwa mikono miwili. Mama hakusema neno mpaka tumefika stendi ya Nane Nane, Dodoma.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia mwendo, kiyoyozi wala chaja ya simu. Hayo yameandikwa na watu wengi. Mimi napanga usafiri wa Dar–Dodoma kwa choo, kwa sababu najua wanawake wangapi wanapanda basi alfajiri bila kunywa hata tone la maji, wanafika jioni kichwa kinawagonga na kibofu kinauma, na wameshazoea kuona hiyo ndiyo safari.

Wa kwanza, na anayemfuata yuko mbali sana: treni ya umeme ya SGR. Sifichi, mimi ni mtu wa SGR tangu ilipoanza kubeba abiria, Morogoro (Moro) Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huohuo. Nauli ya treni ya kawaida ilianza kwa 31,000 Dar–Dodoma na 13,000 Dar–Moro. Choo kipo, mlango unafungika, na humwombi mtu ruhusa. Hilo la ruhusa ndilo kubwa kwangu. Kwenye basi mtu mzima anamwomba kijana wa miaka ishirini amsaidie kumwambia dereva asimame, na gari zima linasikia. Kwenye treni unainuka tu kama uko nyumbani kwako.

Usumbufu wake ni wa kabla ya safari. Wikiendi na sikukuu siti zinaisha mapema, basi kata mtandaoni siku kadhaa kabla. Nenda na kitambulisho, na ufike stesheni mapema sana. Ukiwa na mgonjwa au mjamzito, omba siti ya karibu na mwisho wa behewa, vyoo viko huko. Mchongoko, ile treni ya haraka ya hapohapo SGR, ni mzuri na una bei yake, ila kwa hitaji hili treni ya kawaida inatosha kabisa.

Wa pili: basi lenye choo kinachofanya kazi. Nasema kinachofanya kazi. Usimsikilize wakala. Muulize namba ya gari litakaloondoka siku yako, nenda lilipoegeshwa, mwambie konda afungue. Angalia kama bomba linatoa maji na kama komeo la ndani lipo. Akikwambia ufunguo anao mwenzake, usilipe. Wanaokwenda Moshi, Arusha au Mbeya hawana SGR ya kukimbilia, kwa hiyo kwao ukaguzi huu ndio kila kitu. Wakishapata gari zuri, wachukue siti ya mbele kidogo ya mlango wa katikati: choo kiko jirani lakini harufu haikujii.

Mabasi ya kawaida na Coaster za Moro ni rahisi, sawa, lakini choo chako kitakuwa cha kulipia stendi ya Msamvu, Moro, na kabla na baada ya hapo ni porini. Kama uko peke yako na una afya, panda.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo ninapoumia. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipopanga nauli Desemba 2023, basi la kawaida liliwekewa shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya lami, la daraja la kati 67.84. Dar mpaka Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450. Piga hesabu: la kati linakuja kama 30,500. Yaani ukilinganisha na treni umeokoa mia tano, pesa ambayo haitoshi nauli ya daladala. Mimi nililipa 35,000, tiketi ikaandikwa 30,000 na neno "kati", siyo luxury. Nilipouliza ile elfu tano nyingine ni ya nini, wakala akasema ni ya huduma. Huduma gani, ilhali vifaranga ndio waliokaa chooni na mama yangu akaenda kichakani? Mtu akiuziwa kiti kisichokuwepo anarudishiwa nauli yake. Aliyeuziwa choo kisichofunguliwa naye arudishiwe. Nimepiga simu kwa yule wakala mara nne, na mara zote anasema bosi hayupo.

Kurudi tulipanda SGR. Dodoma stesheni nilimnunulia mama maji ya lita moja, akaanza kuyanywa hata treni haijaondoka. Tulipotoka kwenye mahandaki ya Kilosa chupa ilikuwa tupu, ameshakwenda na kurudi mara mbili, na ananiuliza kama humu ndani wanauza nyingine.