Fomu inasema kichwa

Nyota mbili kwa hospitali hii. Nilikuwa nimeweka moja, nikamkumbuka daktari wa upasuaji, nikaongeza.

Mwanangu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Kila asubuhi anatapika, shingo kaiinamisha upande, tunapewa dawa za tumbo, mpaka siku miguu aliyokwisha kuizoea ilipomkataa. Hayo nimeshasamehe. Mtoto kutapika, nani atafikiria uvimbe wa ubongo?

Nisichosamehe ni chumba cha MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Daktari alituambia kwa kinywa chake: kichwa na mgongo wote, maana uvimbe mkali wa utotoni huweza kumwaga seli zake kwenye maji ya ubongo, zikashuka nayo hadi kiunoni. Mtoto keshalazwa kwa nusukaputi, nikamuuliza kijana wa picha, "Na mgongo je, kaka?" Hakuinua macho. "Mama, fomu inasema kichwa." Nikamsihi ampigie daktari. Simu ilikuwa palepale, karibu na kiwiko chake. "Mama, mimi nafuata fomu."

Maji yalikuwa yanaukandamiza ubongo, upasuaji haukungoja. Na ukishapasua, damu inayoshuka na yale maji huweza kuonekana kwenye picha kama ugonjwa, kwa hiyo tukaambiwa tusubiri wiki mbili hivi. Wiki mbili! Kisha nusukaputi tena, kwa kazi iliyokuwa ya dakika chache siku ile ya kwanza.

Humo katikati majibu ya maabara yakatoka: ATRT, saratani kali na adimu ya ubongo ya watoto wadogo. Kwenye darubini uvimbe huo unafanana na meduloblastoma, saratani nyingine ya ubongo ya watoto. Yule mtu wa maabara, ambaye sijawahi kumwona sura, akapima protini ya INI1, akakuta seli za uvimbe hazina. Bila kipimo hicho mwanangu angetibiwa ugonjwa mwingine. Yeye nyota tano, wala sibishani. Kemo nzito (dawa za saratani), kurudishiwa seli shina zake mwenyewe, zile zinazotengeneza damu, mionzi kuahirishwa kwa sababu ya umri: yote hayo walituelekeza vizuri, kwa subira hata.

Sasa nikiandika hapa ndiyo nagundua, fomu ile aliijaza nani? Daktari huyohuyo ninayemsifu. Basi kosa ni lake? Labda. Lakini yeye alikuwa ametoka kuzibua kichwa cha mtoto mwingine usiku kucha; kijana alikuwa na simu tu.

Mgongo ulikutwa safi. Mume wangu anasema basi, yameisha. Yeye hakuwepo zile siku 14 nilipokuwa nampapasa mtoto usiku, pingili moja baada ya nyingine, kana kwamba vidole vingehisi kitu.

Juzi tumerudi kwa picha ya ufuatiliaji. Kijana yuleyule. Akachukua fomu, akasoma kwa sauti kabla sijafungua mdomo: "Kichwa na mgongo wote." Kumbe anaweza! Nilitaka kumshukuru, nikajikuta nimekasirika upya. Nyota zibaki mbili. Ila mtoto wangu simpeleki kwingine.