TAHADHARI: Anayeuza "krenki standadi" na seti za ovaholi za 4A-GE

Wakuu, kuna muuzaji wa spea mtandaoni anayewavizia watu wanaofufua gari za michezo za zamani kwa mikono yao nyumbani, hasa wenye Toyota AE86 na MR2 za mwanzo, zile AW11. Anauza krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, akiiandika "imepigwa polishi na kupimwa, bado standadi", yaani ya saizi ya kiwandani, haijasagwa, na pamoja nayo seti nzima ya ovaholi ya 4A-GE, injini ya gari hizo: pistoni, ringi, beringi, gasketi na oili pampu. Krenki si standadi. Seti ni feki iliyowekwa kwenye maboksi mazuri. Nimeongea na wengine waliouziwa na mtu huyuhuyu, na mmoja wao injini ilianza kugonga konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) kabla hata hajamaliza kuizoesha.

Jina silitaji kwa sababu halitawasaidia, analibadilisha kama shati. Mtambueni kwa namna anavyouza.

Dalili ya kwanza iko kwenye tangazo lenyewe, pale anapoandika "inaingia 4A-GE zote". Mwenye kuijua injini hii hawezi kuandika hivyo. Zote zina ujazo wa sentimita za ujazo 1,587, pistoni ya milimita 81 na mwendo wa milimita 77, lakini ndani hazifanani. Bloku za mwanzo, zenye mbavu tatu ubavuni, zina krenki yenye shingo za konrodi (pale konrodi inapokamatia) za milimita 40 na pini za pistoni za milimita 18. Za baadaye, zenye mbavu saba, shingo ni milimita 42 na pini ni 20. Beringi ya hii haikai kwenye ile hata ukiibembeleza. Muuzaji wa kweli swali lake la kwanza ni bloku yako ina mbavu ngapi. Huyu hakuniuliza chochote, alitaka anwani ya kutuma mzigo tu.

Dalili ya pili nimeipenda, maana inachekesha kidogo. Krenki inakuja na "cheti cha vipimo", karatasi yenye muhuri na saini. Kwenye cheti changu shingo zote nne za konrodi zimeandikwa 41.990, kila moja imepimwa mara mbili kwa pande tofauti, na mara zote nane jibu ni 41.990. Kitabu cha Toyota kinaruhusu 41.985 hadi 42.000, kwa hiyo namba yenyewe imo ndani. Ila krenki iliyozunguka miaka thelathini na kitu haitoi kipimo kimoja mara nane. Shingo moja itakuwa imelika kidogo zaidi upande unaopokea msukumo wa pistoni, nyingine itakuwa na tofauti ya maikroni chache kati ya mwanzo na mwisho wake. Namba zikilingana zote hadi desimali ya tatu, hiyo karatasi imejazwa mtu akiwa amekaa mezani na kalamu, krenki ikiwa bado imefungwa kwenye plastiki.

Maikromita, kifaa cha kupima unene, ilinipa kitu kingine kabisa: 41.74, 41.73, 41.74, na ile ya nne 41.71 upande mmoja na 41.74 upande mwingine. Yaani krenki imesagwa hadi andasaizi ya 0.25, yaani imepunguzwa robo milimita chini ya standadi, na moja ya shingo haijasagwa ikawa duara. Kisha imeng'arishwa ikameta, na ndani ya kifurushi hichohicho zimewekwa beringi za standadi. Piga hesabu mwenyewe. Nafasi ya oili kwenye beringi ya konrodi ya injini hii inatakiwa iwe kati ya 0.02 na 0.05 ya milimita. Ukifunga kama alivyokutumia unapata karibu 0.3. Oili inamwagika pembeni ya beringi bila kubeba uzito wowote, presha inashuka, na chuma kinaanza kugonga chuma.

Nilitaka kuwa na ushahidi ambao hata asiye fundi ataelewa, kwa hivyo nikaweka plastigeji. Kwa asiyeijua, ni uzi mwembamba wa plastiki laini unaoulaza juu ya shingo ya krenki, unafunga kofia ya konrodi kwa toki inayotakiwa bila kuzungusha krenki, kisha unafungua na kupima upana wa uzi uliobanwa. Ukibanwa ukawa mpana, nafasi ni ndogo. Ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa. Uzi wa kijani unapima 0.025 hadi 0.076 ya milimita. Wangu ulitoka mviringo vilevile kama ulivyoingia. Haukuguswa. Picha ya uzi huo ndiyo niliyoibandika juu kabisa ya malalamiko yangu kule PayPal, na nadhani ilifanya kazi kuliko maelezo yote niliyoandika chini yake.

Kuna jambo jingine kwenye krenki hiyo ambalo picha za tangazo zinalificha kwa kuwa zote zimepigwa kutoka juu. Pale shingo inapokutana na mkono wa krenki lazima pawe na mviringo mdogo, si kona kali. Kona kali ndipo ufa unapoanzia, na kwenye injini inayokimbizwa mizunguko elfu saba kwa dakika hilo si jambo la kinadharia. Kwenye krenki yangu aliyesaga amekata moja kwa moja. Ukipitisha ukucha unahisi ngazi. Fundi wa mashine niliyempelekea aliipitisha kwenye kipimo cha sumaku cha kutafuta nyufa na ufa hakuuona, lakini aliniandikia kwamba kwa kona zile yeye hawezi kuifunga kwenye injini ya mtu. Barua hiyo nayo itunzeni akilini, nitairudia.

Sasa beringi. Anaziita orijino za Toyota, na boksi limeigwa vizuri mno, nembo, namba ya spea, hadi karatasi ya ndani. Lakini orijino za Toyota za injini hii hazina standadi moja. Kuna namba 1, 2 na 3 zinazotofautiana unene kwa maikroni chache, na unachagua kwa kusoma namba iliyopigwa kwenye kofia ya konrodi. Boksi lililoandikwa STD tu, halafu likaitwa orijino, limejieleza lenyewe. Ukizitoa ndani, shika moja uiweke kwenye konrodi kwa kidole. Beringi nzuri inakuwa imepanuka kidogo kuliko tundu lake, kwa hiyo inaingia kwa kubanwa na inakaa hata ukigeuza konrodi juu chini, na kingo zake zinachomoza nywele moja juu ya chuma ili kofia ikifungwa iikandamize mgongo wote ushike. Zangu zilidondoka zenyewe. Vijilimi vya kuzishikilia vimekatwa kwa mshazari, na kwenye zile beringi kuu, matundu mawili ya oili hayakutani na tundu la bloku, nusu ya njia imezibwa.

Ringi sitazichambua sana. Ringi ya juu na ya pili zilikuwa kitu kimoja, hakuna alama ya kuonyesha upande wa kuelekea juu, na nilipoisukuma moja ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, mwanya kati ya ncha zake ulipitisha fila geji (vibamba vya kupimia mianya) mbili nene pamoja. Kwa silinda ya milimita 81 unategemea mwanya wa kama 0.3 ya milimita. Gasketi ya silinda hedi ilionekana sawa, sijui ni kwa bahati au alisahau kuiigiza vibaya. Oili pampu sikuifungua, imebaki kama ushahidi.

Hayo yote ni wizi wa kawaida wa spea feki. Linalomtofautisha huyu, na ndilo lililonifanya niandike, ni jinsi anavyojibu ukilalamika. Hakimbii. Anajibu haraka, kwa heshima, tena anajifanya fundi. Nilipomtumia vipimo alijibu hivi:

"Mkuu injini za zamani zinataka nafasi kubwa. Wewe funga tu, itajikalia yenyewe ikishapata moto."

Nikamtumia picha ya plastigeji. Akasema:

"Sawa kaka nimekuelewa. Ila bosi wangu hawezi kukubali picha. Funga injini, iwashe, ikigonga nirekodie video nikupe nyingine bure."

Someni tena hayo maneno. Anakutaka ufunge. Kwenye masharti yake ya mauzo, kule chini kwa maandishi madogo, kumeandikwa kwamba spea iliyofungwa kwenye injini hairudishwi na dhamana yake imekufa. Kwa hiyo siku utakayomtumia hiyo video, umempa mkononi ushahidi wa kukukatalia. Yule mwenzetu ambaye injini yake iligonga ndivyo alivyonaswa: alituma video, akajibiwa kwa aya moja iliyonakiliwa kutoka kwenye masharti, kisha akazuiwa. Bloku yake sasa inahitaji kazi ambayo haikuihitaji kabla, kwa sababu beringi ilizunguka ndani ya konrodi na vipande vya chuma vikasambaa kila ilikopita oili.

Kwa hiyo kama mzigo wake umeshakufikia, usifunge kitu. Plastigeji ni kipimo, si kufunga, lakini piga picha kila hatua ili asije akageuza maneno. Peleka krenki kwa fundi wa mashine asiyehusika na wewe wala yeye, akuandikie vipimo vya kila shingo kwa barua yenye tarehe. Kwangu barua hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo, kwa kuwa aliyekuwa anasikiliza malalamiko haijui 4A-GE, ila anaelewa kwamba tangazo linasema standadi na fundi anasema andasaizi.

Kwenye malipo napo ana mchezo. Anakupunguzia bei ukimlipa kwa PayPal kwa ule utaratibu wa kutumiana marafiki na familia. Ukikubali, ulinzi wa mnunuzi haukuhusu tena, umemzawadia. Lipa kama manunuzi, hata kama punguzo linapotea. Ukishalipa hivyo una siku 180 tangu siku ya malipo za kufungua mgogoro, na ukishaufungua una siku 20 za kuupandisha uwe madai rasmi, la sivyo unajifunga wenyewe. Ukijifunga, au ukiufunga wewe, hauwezi kufunguliwa tena. Hapo ndipo zile "subiri kidogo kaka, mzigo mpya uko njiani" zinapofanya kazi yake. Aliniomba nifunge mgogoro "ili akaunti iweze kutoa mzigo mwingine". Hakuna akaunti inayofanya kazi hivyo. Sikuufunga, niliupandisha, na pesa zimerudi.

Kumtambua akirudi kwa jina jipya: picha ya krenki ni ileile kwenye matangazo yote niliyoyaona, imelala juu ya kitambaa cha buluu, ina doa la rangi ya njano kwenye uzani wa kwanza wa mbele. Nimeiona kwenye akaunti zaidi ya moja, na kwenye tangazo moja alikuwa anaiuza kama ya 3S-GTE, injini tofauti kabisa. Mwombe apige picha ya maikromita ikiwa juu ya shingo, na pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mimi sikuwahi kuipata, na niliowauliza nao hawakuwahi. Atakuambia maikromita iko kwa fundi.

Kwa ambaye ameshafunga na hajawasha: usiwashe. Shusha sampu (beseni la oili chini ya injini), legeza kofia za konrodi moja baada ya nyingine, zitie alama ujue ipi ni ya silinda ipi na upande gani, kwa sababu kofia haihamishwi kwenda konrodi nyingine wala haigeuzwi. Pima hapohapo chini ya gari kama injini iko ndani. Ikiwa umeshawasha na bado haijagonga, usiiamini taa ya oili, inachelewa mno. Funga geji ya kweli palipo na swichi ya presha. Injini ikiwa na moto, kitabu kinataka angalau kilopaskali 29 ikiwa kwenye sailensi (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), na 245 hadi 490 kwenye mizunguko 3,000. Ikipungua hapo, zima. Mwaga oili kwenye beseni safi, kata filta uikunjue karatasi yake chini ya mwanga. Ukiona punje zinazometa kama shaba, beringi imeshaanza kuliwa, na kila dakika utakayoiacha izunguke unaongeza kazi ya bloku.