Triga mpya ya Remington 700: Timney, TriggerTech au Jewell?

Jibu kwanza, sababu zitafuata. Kwa bunduki ya kuwindia, chukua TriggerTech Special, au Timney 510 kama unataka kitu rahisi zaidi kwa fundi. Jewell waachie wanaolenga shabaha wakiwa wamekaa mezani. Na kama triga uliyo nayo haijawahi kusafishwa, isafishe kabla ya kutoa hata senti moja. Nusu ya malalamiko ya triga nzito ni mafuta yaliyoganda.

Tumechagua Remington 700 kwa sababu imekuwa sokoni tangu 1962 na imeigwa kila mahali. Bergara B-14, Remington Model Seven na bunduki nyingi za kutengenezesha kwa mafundi wa Marekani hupokea triga zilezile. Kwa hiyo ushauri huu unagusa bunduki nyingi kuliko jina lililoandikwa juu ya mtutu.

Watu wengi wanaanza na uzito, yaani nguvu ya kidole inayohitajika kuifyatua: "Nataka triga ya gramu 500." Uzito ndio wa mwisho kuangaliwa. Cha kwanza ni namna triga inavyoachia. Ukibana polepole na kuhisi chuma kikiburuzika juu ya chuma kabla ya kufyatuka, huo ni mburuzo, na ndio unaokufanya ubashiri risasi itatoka lini, kisha unashtuka. Cha pili ni mwendo wa ziada, yaani umbali ambao ulimi wa triga (kipande unachokibana kwa kidole) unaendelea kurudi nyuma baada ya kuachia. Ukiwa mrefu, kidole kinagonga mwisho wa njia wakati risasi bado iko ndani ya mtutu, na bunduki inatikisika. Triga ya kilo 1.5 isiyo na mburuzo hupiga vizuri kuliko ya gramu 700 inayoburuzika. Anayebisha aweke zote mbili mezani na risasi bandia, atahisi mwenyewe.

Ndani ya triga ya kawaida kuna kazi moja tu: kishikizo kinazuia pini ya kugonga fataki isiende mbele, na ulimi wa triga unakishikilia kishikizo kisishuke. Pale viwili hivyo vinapogusana ni eneo dogo mno, na ubora wote wa triga unaamuliwa hapo. Mfanyakazi wa kiwandani akiacha mguso mrefu, unapata mburuzo. Akiufupisha kupita kiasi, bunduki inaweza kujifyatua ikigongwa.

Remington 700 za zamani zilikuwa na triga ya Walker, ambayo kati ya ulimi na kishikizo ina kipande cha tatu cha chuma chembamba kinachoshikiliwa na springi tu. Kila risasi ikipigwa kipande hicho kinaachana na ulimi kisha kinarudi. Wakosoaji wanasema uchafu ukiingia kwenye pengo hilo hakirudi sawasawa. Kampuni ilikanusha kwamba muundo ule una kasoro, na kesi zake zilivuta miaka. Triga iliyofuata, X-Mark Pro, iliondoa kipande hicho, lakini Aprili 2014 ikarudishwa kiwandani kwa sababu nyingine kabisa: gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha. Tangazo lile lilihusu bunduki zilizotengenezwa kuanzia Mei 1, 2006 hadi Aprili 9, 2014. Kuzitofautisha ni rahisi: uso wa ulimi wa Walker una mistari, wa X-Mark Pro ni laini. Ukinunua bunduki ya mkononi kwa mtu, angalia hapo kabla ya kutazama mbao inavyong'aa.

Sasa tuje kwenye zenyewe.

Timney ni kampuni ya tangu 1946, na leo iko Phoenix, Arizona. Modeli 510 ni triga ya muundo wa kawaida iliyotengenezwa kwa uangalifu. Inakuja ikiwa imepangwa kwenye takriban kilo 1.36, na inaweza kushushwa hadi gramu 680 au kupandishwa hadi kilo 1.8. Inaachia kwa ukali, bila kunong'ona kwanza. Skrubu ya mguso wa kishikizo hupangwa na kuzibwa kiwandani, nasi tunasema iachwe hivyohivyo. Ubaya wake mmoja unaosumbua ni kwamba kubadilisha uzito kunataka bunduki itolewe kwenye kitako (mbao au plastiki inayobeba mtutu na mwili wake), ukiikaza vibaya baadaye shabaha inahama. Kwa hiyo chagua uzito mara moja, funga, sahau. Bei yake Marekani huzunguka dola 150 hadi 180. Wapo wanaoongeza hela wachukue Calvin Elite yao, inayoshuka hadi gramu 230 hivi na yenye ndimi za kubadilisha. Ni nzuri, ila kwa mwindaji ni pesa ya ziada isiyoleta nyama ya ziada.

TriggerTech ya Kanada imekuja na wazo tofauti. Badala ya chuma kusugua chuma, kati ya ulimi na kishikizo wameweka kijirola huru. Ulimi ukisogea, kirola kinabingirika na kishikizo kinashuka. Kwa kuwa hakuna msuguano wa kushinda, wanaweza kuacha mguso mrefu, wa usalama, na bado usihisi mburuzo. Hili ndilo jambo la maana kwenye triga hii. Mguso mrefu na uachiaji safi kwa kawaida haviendi pamoja, hapa vimekubali kukaa nyumba moja. Ukibana polepole ukingoja dalili, hupati. Inaachia tu.

Inauzwa kwa ngazi tatu. Primary huenda kilo 0.68 hadi 1.8. Special ni kilo 0.45 hadi 1.6, na marekebisho yake yanabonyea kwa mlio mdogo wa "tik", kwa hiyo unaweza kuhesabu ulikotoka na kurudi palepale. Diamond hushuka chini ya gramu 113. Kwenye vitako vingi uzito unarekebishwa kwa alenki bila kufungua bunduki, na hiyo peke yake inatosha kumshawishi anayetumia bunduki moja kwa shabaha Jumamosi na porini msimu ukifunguliwa. Mguso na mwendo wa ziada haviwezi kurekebishwa na mnunuzi. Wengine wanalalamika juu ya hilo, sisi tunaona ni heri. Diamond usiinunue kwa ajili ya porini hata ukipewa punguzo: kidole chenye baridi au chenye glavu hakihisi gramu 150.

Jewell ya Texas ndiyo iliyotawala meza za benchi, yaani kulenga shabaha bunduki ikiwa imeegemezwa mezani, kwa miaka mingi, na kwa sababu nzuri. Kwa kubadili springi unatoka gramu 42 mpaka kilo 1.36, na skrubu zote tatu (uzito, mguso, mwendo wa ziada) ni zako kuzichezea. Aliyezoea anaipanga akaipenda kuliko zote. Lakini ina vipande vidogo vingi na nafasi ndogo kati yake, na vumbi linaipenda pia. Kwenye uwanja wa shabaha wenye sakafu ya saruji hakuna tatizo. Kwenye gari lililo wazi nyuma, barabara ya vumbi jekundu, siku ya tatu, ulimi unaanza kurudi kwa uvivu. Ukikuta Jewell kwenye bunduki ya kuwindia, aliyeiweka aliinunua kwa sifa za watu wa benchi.

Uzito gani basi? Swala na wanyama wa mbugani, kilo 1.1 hadi 1.6. Nyati na wengine wanaorudi kwako, kilo 1.5 hadi 1.8 na si chini, kwa sababu moyo ukienda mbio kidole kinakuwa kizito chenyewe. Mezani, chini ya nusu kilo kama sheria za mchezo zinaruhusu. Zisome kwanza: kwa bunduki sanifu ya mita 300, ISSF (shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha) inadai triga isipungue gramu 1500.

Hapa kwetu Afrika Mashariki bunduki nyingi za kuwindia ni za Kicheki, Brno ZKK na CZ 550, na triga hizi tatu za Remington haziingii humo. CZ 550 ina triga ya kusukuma: ukiusukuma ulimi mbele hadi ulie, mvuto unakuwa mwepesi sana. Itumie ukiwa umelala na bunduki imeegemea, mnyama hajui upo. Ukiwa umesimama mbele ya nyati, usiiguse. Na ukiisukuma kisha usipige, fungua bolti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu) kwanza, mtutu ukielekea pasipo na mtu, ndipo uirudishe. Na wenye Tikka T3 wasihangaike kununua chochote. Ya kiwandani inarekebishwa kilo 1 hadi 2 na inaachia vizuri kuliko triga nyingi za kununua.

Kufunga triga mpya ya 700 ni kazi ya saa moja kwa fundi. Nchini Kenya na Tanzania ni fundi mwenye leseni, si wa pikipiki. Bolti inatolewa, chemba (pa kukaa risasi) inatazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Skrubu kubwa za chini zinafunguliwa, bunduki inainuliwa kutoka kwenye kitako. Triga inashikwa na pini mbili zinazopita ubavuni. Kabla ya kuzigusa, piga picha upande wa kushoto kwa simu, maana hapo kuna kizuizi cha bolti na springi yake ndogo, na pini ikitoka springi hiyo huruka. Ifunike kwa kidole gumba. Pini zisukumwe kwa panchi nyembamba kuliko zenyewe, kwa nyundo ndogo. Ikigoma, kuna kitu hakijanyooka, usiongeze nguvu. Triga mpya ikishaingia, hakikisha kizuizi kinapanda na kushuka chenyewe, la sivyo bolti itakutoka mkononi siku ya kwanza ukiivuta kwa haraka.

Tatizo linalowapata wengi ni kitako. Nyumba ya triga ya kununua, yaani kasha linalobeba vipande vyake, mara nyingi ni pana kuliko ya kiwandani, na kufuli ya usalama hupita karibu na mbao. Bunduki ikikazwa, mbao inasukuma nyumba au inakwaruza kufuli, na mtu anaanza kulaumu triga. Paka wanja kwenye pembe za nyumba na kwenye mkono wa kufuli, rudisha bunduki kitakoni, kaza, washa na kuzima kufuli mara kadhaa, kisha fungua. Palipo na weusi kwenye mbao ndipo pa kupunguza, kwa patasi kali na kidogo kidogo. Ukikaza tena, kitako chenye msingi wa alumini kinavumilia takriban Nm 7.3, cha mbao tupu usizidi Nm 4.5 hivi.

Lingine linalosahaulika: kimo cha kishikizo kipya si lazima kifanane na cha zamani. Kikishika mapema mno, bolti inakuwa nzito sentimita ya mwisho unapoisukuma mbele. Uzito kidogo ni wa kawaida. Ukihitaji kuipiga kwa kiganja, irudishe dukani.

Majaribio yafanywe na bunduki tupu, kabla ya risasi yoyote ya kweli. Funga bolti bunduki iwe tayari kufyatua, washa kufuli, bana triga kwa nguvu, achia, zima kufuli: pini ya kugonga isianguke. Funga bolti kwa ukali mara kumi mfululizo: isianguke. Kisha bunduki ikiwa tayari kufyatua hivyohivyo na kufuli imezimwa, gonga kitako chini juu ya mpira mnene kutoka kimo cha sentimita 30, halafu gonga ubavu wa bunduki kwa nyundo ya mpira. Ikianguka hata mara moja, mguso ni mfupi au uzito umeshushwa mno. Hakuna "labda" hapo. Uzito wenyewe upimwe kwa kipimo cha triga, mivuto kumi, uchukue wastani. Tofauti kubwa kati ya mvuto na mvuto ni dalili ya uchafu au mbao inayogusa.

Usafi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mafuta ya laita, yamiminwe yapite, yakauke, basi. Zote tatu hazitaki mafuta ya bunduki. Mafuta hukamata vumbi, baridi ikija yanaganda, na triga ya dola 200 inakuwa mbaya kuliko ile uliyoitoa.

Ukiagiza, taja mkono wa bolti (kulia au kushoto), kama unataka kufuli ya usalama, na kama triga ije na kiachio cha bolti (kibonyezo cha kuiachia itoke). Bunduki nyingi za kutengenezesha zina kiachio chake pembeni mwa mwili, na ukichukua triga yenye kiachio, utalipia kipande kisicho na kazi ambacho wakati mwingine hakiingii kwenye kitako. Maduka mengi ya Marekani hayatumi vipuri vya bunduki nje ya nchi kwa sababu vinasimamiwa na sheria za usafirishaji, kwa hiyo pitia muuzaji mwenye leseni ya kuingiza silaha, na muulize kibali kabla hujamlipa.