Maporomoko ya bustani, Goba: juu wamepatia, chini walibana

Nilitaka maji yanayotiririka bustanini, lakini bwawa sikulitaka hata kwa kuhongwa. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi nikastaafu. Homa ya dengue ya 2014 na ile ya 2019 hapa Dar zote zilinikuta wodini, na mbu wake anataga popote maji yanapotulia, hata kwenye kopo la rangi lililosahauliwa uani. Halafu nina wajukuu ambao kuogelea hawajui ila kuchungulia wanajua sana.

Kampuni niliyoipa kazi (jina nitalihifadhi, utaona kwa nini) ikanishauri maporomoko yasiyo na bwawa. Maji yanashuka juu ya mawe, yakifika chini yanazama kwenye kokoto. Chini ya kokoto kuna shimo lililotandikwa lile turubai jeusi la wafuga samaki, na ndani yake kuna pampu inayoyarudisha juu kwa bomba. Maji pekee unayoyaona ni yale yanayokimbia, na mbu hapati pa kutulia. Wazo zuri, nililipenda palepale. Bei ilikuwa shilingi milioni 3 na laki 2, vifaa na ufundi.

Kwa kazi ya juu, fundi wao nampa maksi zote. Mawe makubwa ya Lugoba aliyapanga, akamwaga ndoo ya maji, akaangalia yanavyoanguka, akayapangua tena. Mke wa jirani alidhani nimegombana na fundi, maana kila akipita anakuta jiwe lilelile limehamishwa. Katikati ya mawe alipuliza lile povu la kopo wanalofungia fremu za madirisha, akalifunika kwa mchanga kabla halijakauka. Bila hilo povu maji hupita chini ya mawe, na wewe unabaki kutazama mawe makavu huku pampu inakula umeme. Mdomo wa maporomoko una upana wa sentimita 40, na maji yanashuka kama pazia moja, hayachirizi vipande vipande.

Sasa tuje chini. Shimo walichimba mita moja kwa mita moja, kina nusu mita, wakalijaza kokoto. Ukipiga hesabu ya haraka unasema humo mna lita 500. Hamna. Kokoto zenyewe zinachukua zaidi ya nusu ya nafasi, kwa hiyo maji ni kama lita 200 tu, na hapo utoe yale ambayo muda wote yako juu ya mawe na ndani ya bomba. Upepo wa kaskazi wa Januari ukivuma, maji mengine yanarukia kwenye majani na mengine jua linayanywa. Pampu ikaanza kukoroma. Pampu ya aina hii hupozwa na maji iliyomo. Ikiachwa kavu inaungua.

Niliwapigia. Jibu la kwanza: "Mama, wewe ongeza maji tu." Niongeze hadi lini? Ilibidi nimwambie msimamizi kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka shimo liongezwe. Fundi, yule yule wa mawe, alirudi akachimba zaidi, akapanga kreti za soda zilizopinduliwa, juu yake wavu wa chuma, kisha kokoto kidogo za kufunika. Sasa shimo linachukua zaidi ya mara tatu ya maji ya mwanzo. Kumbe njia alikuwa anaijua tangu siku ya kwanza. Ofisi ndiyo iliyobana gharama mahali ambapo mteja haoni.

Pampu pia iulizieni vizuri. Kwenye boksi la yangu wameandika lita 8,000 kwa saa, lakini hizo ni pale ambapo haipandishi maji kokote. Kila inavyoyapandisha juu zaidi ndivyo zinavyopungua. Yangu ni wati 150. Nikiiwasha kwa muda wa saa tano kila jioni, kwa bei ya LUKU ya kama shilingi 356 kwa uniti, ni shilingi elfu 8 hivi kwa mwezi. Ukiiacha usiku na mchana inakaribia elfu 39. Kama uko kwenye ile tarifa ndogo, ya umeme wa bei nafuu kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, fikiria mara mbili. Na waya wake usiunganishwe hivihivi: dai kile kikata umeme kinachojizima chenyewe umeme ukivuja. Mimi waliniwekea bila kuulizwa, hapo hongera zao.

Kingine ambacho hawakunionya ni maji ya kisima. Kisima chetu kina chumvi, na mawe yalianza kuvaa utando mweupe. Siki na brashi vinautoa, ila ni kazi. Siku hizi najazia maji ya mvua kutoka kwenye simtenki, ya kisima naweka yakikosekana kabisa.

Nyota tatu kati ya tano. Fundi peke yake ningempa tano. Taa iliyokuwa chini ya jiwe la juu waliichukua kwenda kuitengeneza na haijarudi. Wakiileta nitaongeza ya nne.