Kusaka makasha kwa GPS hapa Dar: uzoefu wangu kama mgeni wa mchezo

Kwa mwenye haraka nianze na jibu: jiokashingi (geocaching, mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kutumia GPS) inafaa kujaribiwa Dar es Salaam, haina kiingilio, na simu uliyonayo inatosha. Ila usilipie uanachama wa mwaka kabla hujafungua ramani ukaona kuna nini karibu nawe. Ukilinganisha na miji ya Ulaya, makasha ya kwetu ni machache, na mengine yapo kwenye ramani tu, ukifika, hola.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu anaficha kopo lenye karatasi ya kusaini, anaweka mtandaoni latitudo na longitudo yake, wewe unakwenda kulitafuta, unasaini, unalirudisha palepale. Ulianza Mei 2000. Kabla ya hapo Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kifaa kikawa kinakosea hadi kama mita 100. Tarehe 2 Mei wakaacha, na kesho yake Dave Ulmer akaweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, ikiwa imefukiwa nusu, ndani kukiwa na vitu vya kubadilishana, likiwemo kopo la maharage. Leo ndoo ile isingepita. Chakula kimekatazwa kwa sababu kinaita wanyama, na kufukia pia hakutakiwi. Kwa hiyo ukijiona umeanza kuchimba, acha, hauko mahali penyewe.

Programu rasmi inapatikana bure kwa Android na iPhone. Unafungua akaunti, unachagua jina la mchezo (usitumie jina lako kamili, kila mtu atalisoma), ramani inafunguka. Asiyelipia haoni kila kitu, baadhi ya makasha yametengwa kwa ajili ya wanachama wa kulipia. Mwenye Android ajaribu na c:geo, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kupakua ramani ukiwa kwenye waifai kisha utembee bila kuchoma bando. Ramani hizo zinatoka OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na hapo Dar tuna bahati, kwani mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yetu kwa ajili ya mambo ya mafuriko. Vichochoro vya Tandale vinaonekana humo kimoja kimoja.

Kabla hujatoka nyumbani, zielewe namba. Mchezo huu unaandika digrii na dakika zenye desimali. Posta, kwa mfano, ni karibu S 06° 48.9 E 039° 17.3. Ukizichukua hizo ukaziandika kwenye ramani nyingine kama digrii za desimali, yaani -6.489 na 39.173, pini inaangukia baharini, zaidi ya kilomita 30 kaskazini. Na tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita mbili tu ardhini, msibishane nayo sana. Simu ikiwa chini ya anga wazi inakufikisha ndani ya mita tatu hadi tano hivi. Ukisimama katikati ya maghorofa ya Posta mshale unazunguka ovyo, na hapo simu inaingia mfukoni, macho yanafanya kazi.

Kila kasha lina alama mbili, moja ya ugumu wa kulipata na nyingine ya ugumu wa njia, zote kuanzia 1 hadi 5. Anza na 1.5 kwa 1.5. Angalia pia ukubwa. Wanaposema dogo sana wanamaanisha chini ya mililita 100, na yapo ya sumaku yanayolingana na ncha ya kidole. Sikushauri hayo kwa mara ya kwanza, utaondoka umeuchukia mchezo mzima.

Lakini ukweli ni kwamba kwa Dar ugumu wa kulipata kasha si GPS. Ni watu. Miongozo ya mchezo inasema usionekane na wasioujua, subiri wapite. Wapite waende wapi? Hapa ukiinama chini ya mti sekunde kumi, muuza madafu ameshakuja kuuliza umedondosha nini, na vijana wa kijiweni wamesimama kukusaidia kutafuta pesa ambazo hazipo. Kasha langu la kwanza lilikuwa upande wa ufukweni (mahali penyewe sipataji, kutaja ni kuwaharibia wengine), na nilizunguka ukuta mpaka mlinzi akanyanyuka kwenye kiti chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepoteza nini hapo, mwanangu?"

Nikamwonyesha simu, nikamweleza mchezo mwanzo mpaka mwisho. Akacheka sana. "Kumbe ndiyo hicho kikopo? Wazungu wanakuja wanainama hapo, mimi nikajua wanafanya maombi." Akarudi kukaa, akaniacha nihangaike mwenyewe, kusaidia alikataa, alisema na mimi niiname kama wenzangu. Nikalipata nyuma ya jiwe, karatasi imeloa kidogo kwa unyevu wa bahari, majina mengi ya kigeni. Tangu siku ile sijifichi tena. Nikifika mahali penye mlinzi, mama lishe au bodaboda, nasalimia kwanza na kueleza ninachofanya. Miongozo haipendi hivyo, najua. Ila kwetu mtu anayenyata ndiye anayeitiwa mwizi, na kasha ambalo mlinzi anajua ni mchezo haliishii kwenye pipa la taka.

Maana mengi yanaishia huko. Chupa za plastiki zinaokotwa kuuzwa kwa kilo, kopo la bati ni chuma chakavu, halafu mvua za masika zinamalizia. Ndiyo maana sasa, kabla sijapanda daladala, nasoma kwanza maoni ya waliotangulia. Kama wa mwisho kulipata alilipata miaka miwili iliyopita, na waliofuata wote wameandika hawakuliona, nauli yako itumie kwingine. Na wewe ukikosa, andika kwamba umekosa. Wengine wanaona aibu, lakini kumbukumbu hiyo ndiyo inayomwambia mwenye kasha aende kukagua.

Usalama. Simu iliyonyooshwa mbele kando ya barabara inaporwa na pikipiki inayopita, kila mkazi wa jiji hili anajua. Mimi naangalia mshale nikiwa ndani ya uzio au nimeupa ukuta mgongo. Maeneo ya Ikulu, bandari na kambi za jeshi usiyasogelee na kamera wala na maelezo marefu. Hata kama pini inaonyesha mita chache tu, achana nayo. Posta nenda Jumapili asubuhi, wakati barabara ziko tupu.

Ukiona yenye makopo yamekuchosha, yapo yasiyo na kopo. Ya mtandaoni yanakupeleka mahali ujibu swali kwa unachokiona, na yale ya jiolojia yanakufundisha kuhusu mawe na ardhi. Aina hizi ningeomba ziongezeke Dar kuliko zote, kwa sababu hakuna cha kuibiwa. Mwamba wa Coco Beach, ule watu wanaokalia wakila mihogo, ni matumbawe ya kale yaliyoachwa juu na bahari. Mtoto wa shule angejifunza pale kuliko darasani. Sanamu ya Askari, iliyosimama pale mjini tangu 1927, nayo ina maswali ya kutosha.

Vifaa: kalamu (wengi huisahau, na ndani ya kopo mara nyingi hamna), pawabenki, maji, kofia. Kidude cha GPS cha kununua dukani sioni sababu yake kwa anayeanza.

Nikipima yote, mchezo wenyewe naupa nyota nne, na kwa hali ya makasha ya Dar natoa mbili na nusu. Dawa ya hizo zilizopungua ni sisi kuficha ya kwetu. Masharti yapo: angalau mita 161 kutoka kasha lingine, ruhusa ya mwenye eneo, na mkaguzi wa kujitolea analipitia kabla halijatangazwa. Lazima pia uishi karibu uweze kulitunza, ndiyo maana mgeni wa wiki moja hashauriwi kuacha kopo na kupanda ndege. Mimi nimeshaongea na mwenye genge la matunda jirani na kwetu Kijitonyama. Kakubali, kwa sharti kwamba wote watakaokuja kutafuta wanunue angalau ndizi moja. Nimemwambia masharti ya mchezo hayaruhusu kulazimisha biashara, akaniuliza kama yanaruhusu kushawishi.