Blue Pill ya shilingi 15,000: kasi ipo, saa ndiyo iliyonitesa

"Fundi, kengele yako ina haraka kuliko wanafunzi."

Hivyo ndivyo mkuu wa shule alivyoanza simu yake, bila hata habari za asubuhi. Ilikuwa Julai, msimu ambao huko Makete ukiacha ndoo ya maji nje usiku, asubuhi unaikuta na ganda la barafu juu. Wiki moja kabla nilikuwa nimewafungia kengele inayojiendesha, ubongo wake ni Blue Pill, ile bodi ndogo ya bluu yenye chipu ya STM32F103C8T6. Kipindi cha dakika 40 kilikuwa kinakatika dakika ya 37. Wakiiweka sawa saa moja na nusu asubuhi, ikifika saa sita mchana imeshatangulia dakika 20, foleni ya sahani iko mlangoni na maharage bado magumu.

Bodi yenyewe siichukii. Nimeshazitumia kama kumi na tano hivi hapa Mwanjelwa, Mbeya, nyingi kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Naziagiza Dar zinakuja kwa basi, na pamoja na nauli ya mzigo kila moja inanifikia kwa shilingi 15,000. Kwa hela hiyo unapata chipu ya biti 32 inayokwenda hadi megahezi 72, pini za kumwaga, na taa ya kuchezea kwenye pini ya PC13. Kasoro ndogondogo zipo. Rezista ya USB, ile R10, mara nyingi huja ya kiloohm 10 badala ya kiloohm 1.5, na kompyuta nyingine zinagoma kuiona bodi. Kuna chipu pia zilizoandikwa STM32 juu lakini ukizisoma kwa programa, kile kifaa cha kupandishia programu, zinajibu namba ya utambulisho 0x2ba01477, wakati ya asili hujibu 0x1ba01477. Mzigo wangu wa mwisho ulikuwa na tatu za namna hiyo. Muuzaji nilimpigia, akaniambia "zote zinawaka si ndiyo?" Kweli zinawaka.

Kwenye kasi naipa tisa kwa kumi, mradi uelewe kwamba kasi hiyo haiji yenyewe. Ukiiwasha tu, chipu inaendeshwa na saa yake ya ndani, HSI, megahezi 8. Ukitaka 72 ni lazima uwashe kristali ya nje ya megahezi 8, yaani kile kipande kinachotoa mapigo ya saa, usubiri itulie, uiambie PLL, kizidisha mapigo cha ndani ya chipu, izidishe mara 9, ndipo uhamie. Kabla ya kuhama weka mizunguko miwili ya kusubiri kwenye flashi, kumbukumbu inayotunza programu, kwa sababu flashi haiwezi kukimbizana na 72. Ukisahau, programu inakufa palepale na utaisingizia solda. Njia ya APB1, inayolisha baadhi ya vifaa vya ndani ya chipu, isipite megahezi 36, na ADC, kile kipima volti, isipite 14. Hiyo ya ADC mimi nagawa 72 kwa 6 napata 12 na nalala usingizi.

Kuna mashine moja ya vifaranga ililetwa kwangu kutoka Uyole, mwenyewe akisema "imekuwa mvivu". Nikaitazama taa ya PC13, ambayo nimeipanga ibadilike kila sekunde moja. Nikahesabu kwa simu: sekunde tisa. Sikufungua hata kitabu. 72 gawanya kwa 8 ni 9, kwa hiyo kristali ya nje haikuamka, chipu imebaki kwenye HSI, na programu yangu inapiga hesabu kana kwamba iko kwenye 72. Mguu mmoja wa kristali ulikuwa umeachia solda. Dakika mbili, kazi imekwisha, na mama mwenye mashine akanilipa kwa trei ya mayai.

Sasa tuirudie kengele, maana pale hesabu ya tisa haikunisaidia. Kuhesabu saa za siku ni kazi ya kristali nyingine, ya kilohezi 32.768, inayoitwa LSE, ile ya kipakiti kidogo cha bati. Ikikosekana, chipu ina akiba yake ya ndani, LSI, ambayo kwa maneno ya mtengenezaji ni takriban kilohezi 40, lakini inaweza kuwa popote kati ya 30 na 60. Hiyo ni ya kulinda programu isigande. Kupigia kengele ya shule haifai hata kidogo.

Nikapanda gari asubuhi kupitia Isyonje na Kitulo, nimevaa makoti mawili. Kufika, nikageuza PC13 itoe mapigo ya RTC, sehemu ya chipu inayohesabu saa za siku, yaliyogawanywa kwa 64, nikaweka multimita kwenye hezi. Kwa LSE nzima lazima usome 512. Nikasoma 672. Zidisha kwa 64 unapata kama 43,000. Programu ilikuwa imepangwa kwa 40,000 ya LSI, na tofauti hiyo ya asilimia saba na nusu ndiyo dakika tatu zilizokuwa zinaliwa kwenye kila kipindi.

Kwa nini ilikuwa kwenye LSI? Kwa sababu mimi mwenyewe niliandika hivyo. Nilikuwa nimesema: subiri LSE sekunde mbili, isipoamka chukua LSI, endelea. Kimya kimya, bila taa, bila mlio. Karakana kwangu iliamka kila siku. Siku ya kuifunga kule, alfajiri yenye ukungu, haikuamka, na mimi nikaweka saa, nikanywa chai ya mkuu wa shule, nikawahi gari. Pini za PC14 na PC15, zilizounganishwa na kristali ya LSE, nilikuwa nimezilehemu pamoja na nyingine zote, na mabaki ya flaksi yalikuwa yamejaa katikati yake. Nikazikata, nikasugua kwa spiriti na mswaki, LSE ikaamka. Programu nayo nikaibadilisha: LSE ikigoma, kengele hailii kabisa na taa nyekundu inawaka mpaka mtu aje.

Mwezi uliofuata ilichelewa sekunde 20. Kristali hizi huchelewa kwenye baridi, na boksi liko ukutani upande wa kivuli. Hapa ndipo bodi ilipoudhi kidogo: rejista ya kusahihisha, ile sehemu ya chipu unapoandika namba ya kurekebisha saa, inajua kupunguza mwendo tu, kuongeza haijui. Nikaishusha namba ya kigawanyi, kinachogeuza mapigo ya kristali kuwa sekunde, kutoka 32767 hadi 32766, ikawa inakimbia zaidi, halafu nikaivuta nyuma kwa kuweka 24 kwenye rejista hiyo. Tangu hapo mkuu wa shule hajanipigia, na kwa mtu yule kimya ni pongezi.

Kwa hiyo kwa mashine za vifaranga, pampu, mizani, nunua bila wasiwasi. Kwa kitu chochote kinachotazamwa na watu wenye saa mkononi, ongeza moduli ya DS3231, saa ya nje inayojitegemea. Inajipima joto na kujirekebisha yenyewe, na kati ya nyuzi 0 na 40 haipotei zaidi ya kama dakika moja kwa mwaka. Ila ukiiwekea betri ya kawaida ya CMOS, ile ya kidonge ya kwenye kompyuta, ng'oa kwanza rezista ya kuchaji iliyo kwenye moduli, maana betri hiyo haichajiwi.

Shule ya jirani imeagiza kengele yao. Iko hapa mezani, na usiku nailaza kwenye friji.