Ramani ya Matteo Ricci ya mwaka 1602: ununue ipi?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani kuna ramani. Ngoja niikunjue… nishikie huko mwisho, asante. Haya.

Hii ni nakala ya ramani ya dunia iliyochapwa Beijing mwaka 1602, kazi ya padri Mjesuiti wa Italia, Matteo Ricci, ambaye Wachina walimwita Li Madou. Mtandaoni inauzwa kwa saizi mbalimbali, na mtu anaweza kuitaka kwa ukumbi wa parokia, darasa la historia au sebule yake. Mimi naipima kwa jambo moja tu: maandishi yanasomeka?

Sogeza kamera hapa. Mnaviona hivi vidoadoa? Ni maneno ya Kichina, majina ya mahali na maelezo yaliyojaa kila upande, baharini hadi nchi kavu. Kwenye saizi hii ya bango la kawaida yamekuwa ukungu mtupu. Ramani yenyewe ilichapwa kwa mbao zilizochongwa, paneli sita, kimo chake kinazidi mita moja na nusu na upana wake mita tatu na nusu. Watu waliisogelea na kuisoma kama gazeti la ukutani. Ukiipunguza mpaka herufi zipotee, umemziba padri mdomo, maana humo ndimo alimohubiri.

Ricci alizaliwa Macerata mwaka 1552. Mwaka 1578 alipanda meli Lisbon, akaizunguka Afrika kupitia Kisiwa cha Msumbiji, akafika Goa. Macau alifika 1582, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Michele Ruggieri wakaruhusiwa kukaa Zhaoqing, kusini mwa China. Pale nyumbani kwao walitundika ramani ya Ulaya. Wageni wakaja, wakashangaa, na mkuu wa mji, Wang Pan, akataka ya Kichina. Ya kwanza ikatoka 1584. Hii ya 1602 ni toleo la baadaye, kubwa zaidi na lenye maelezo mengi zaidi.

Tazameni China ilipo. Karibu na katikati. Ramani za Ulaya ziliisukuma ukingoni, yeye akaihamishia huku. Wapo wanaosema alikuwa anajipendekeza. Mimi sioni kosa: dunia ni duara, katikati unaweka popote. Ila alijua vizuri sana nani atasimama mbele yake na kuitazama.

Ndivyo alivyofanya mambo yake yote. Mwanzoni alinyoa kichwa na kuvaa kanzu ya watawa wa Kibudha, kisha akatambua kwamba wasomi na maofisa hawawapi watawa hao heshima kubwa. Mwaka 1595 akafuga ndevu, akavaa hariri ya wasomi. Vitabu vya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, alikuwa amevisoma kwa Kichina chenyewe. Njiani kwenda Beijing, towashi mmoja mwenye madaraka, Ma Tang, alimzuilia, akapekua mizigo na kukuta sanamu ya Yesu msalabani, damu inatoka. Akadhani ni uchawi wa kumuua Kaizari! Januari 1601 Ricci akaingia mjini na zawadi, zikiwemo saa za kugonga. Kaizari Wanli alizipenda, na matowashi wakafundishwa kuzitia ufunguo. Uso kwa uso na Kaizari hakuwahi kukutana hata siku moja.

Sasa turudi kwenye bidhaa. Kichina sisomi, nimetegemea tafsiri za wanazuoni, na nawaambia maelezo haya ni utamu mtupu. Huku juu kuna nchi ya watu wafupi wanaoishi mapangoni, wanapanda mbuzi, na ndege aina ya korongo wanawala. Alizibeba hadithi za kale za Ulaya jinsi zilivyo, akazipanga pembeni ya michoro ya nyota na kupatwa kwa jua. Na mbingu zenyewe amezichora zikiizunguka dunia, kama wasomi wengi wa wakati wake walivyoamini.

Kisha soma alichoandika juu ya Ulaya. Anasema kuna zaidi ya falme 30, zote zinafuata dini takatifu ya Bwana wa Mbinguni, na mafundisho ya upotofu hayakubaliwi. Mwaka 1602, jamani! Ufaransa ilikuwa imetoka juzi tu kwenye vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, na Uingereza imeshaachana na Papa. Sitamwita mwongo, lakini tangazo la biashara ninalijua nikiliona. Kwangu hili ndilo fungu lenye thamani kuliko yote kwenye karatasi hii, na ndilo lililokufa kwenye nakala ndogo.

Aliyeshughulikia uchapaji ni Li Zhizao, ofisa wa serikali na rafiki yake. Alimsaidia Ricci miaka mingi bila kubatizwa, kwa sababu alikuwa na suria. Alibatizwa mwaka 1610, akiwa mgonjwa, na Ricci mwenyewe akafariki Mei 11 mwaka huohuo. Kaizari alitoa kiwanja cha kumzikia Beijing, heshima ambayo haikuwa kawaida kwa mgeni. Waumini China nzima walikuwa kama 2,500. Wachache, eti? Lakini Xu Guangqi, msomi aliyetafsiri naye jiometri ya Euclid, Mgiriki wa kale, alikuwa miongoni mwao.

Ricci alikubali pia Wakristo wa China waendelee kuwaheshimu mababu zao. Roma ikaja kukataza karne ya 18, Kaizari Kangxi akachukia, na katazo likalegezwa 1939. Sisi tuliokulia kwenye mabishano ya matambiko tunaielewa hiyo vita bila kuelezwa.

Tahadhari kwa wanunuzi. Ile yenye rangi nzuri inayouzwa sana, bahari ya kijani na mabara ya njano, ni nakala iliyochorwa kwa mkono Japani muda mfupi baadaye. Pembeni ya majina ya nchi za mbali utaona herufi za Kijapani. Ni nzuri kweli, ila muuzaji anayekuambia ndiyo ile iliyochapwa Beijing anakudanganya. Iliyochapwa haina rangi.

Na kuna njia ya nafuu. Nakala moja ya 1602, ambayo wakfu wa James Ford Bell wa Minnesota ulinunua mwaka 2009 kwa dola milioni moja, ilipigwa picha kubwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na unaipakua bure. Iweke kwenye flashi, nenda kwa wachapaji wa mabango, mwambie akutolee kwa paneli sita kwenye karatasi isiyong'aa. Turubai la matangazo usikubali, linameza mistari myembamba. Kabla hujalipa, mwombe akutolee kipande kimoja cha majaribio, sehemu ya Ulaya, ukione kama herufi zinasimama.

Hii ya dukani naipa nne kwa kumi. Karatasi yake ni nzuri.